Mama Mkwe Anatembezwa Mwanza

Dorotea alikuwa na miaka sitini na tatu, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kumtembeza Mwanza. Angemtembeza nani, na kwa sababu gani? Yeye ni mtu wa Usagara, kilomita ishirini na kitu kutoka mjini. Mjini ameuza nyanya akiwa na mimba, mjini amemuuguza mumewe mpaka akamrudisha nyumbani kumzika. Halafu Alhamisi binti yake wa kumzaa mwenyewe, Hellen, anampigia simu kutoka Dar es Salaam: "Mama, tunakuja Mwanza siku mbili, mimi na Rwekaza. Jumamosi uje mjini nikuonyeshe vitu vizuri, tule samaki." Ebo! Amwonyeshe Mwanza yeye?

Lakini alisema sawa, mwanangu, nitakuja. Alikubali kwa sababu ya Sabina.

Sabina ni mtoto wa Hellen. Hellen alimzaa akiwa kidato cha tatu, akamwachia mama yake hata jino hajaota, akarudi shule, akafika chuo, akaolewa Dar na mhandisi wa Kihaya aitwaye Rwekaza, mtu wa Muleba. Mtoto sasa ana miaka tisa. Kila Dorotea anapouliza ni lini atamfuata mama yake, Hellen hushusha sauti kwenye simu: "Mama, Rwekaza hataki. Nikimtaja tu huyo mtoto, nyumba inawaka moto. Nivumilie." Dorotea amevumilia miaka minne. Miaka minne amemchukia mkwe wake, chuki ya asubuhi na jioni, hata kwenye sala jina lake analiruka. Lakini Januari presha ilimwangusha shambani, na aliyekimbia kuita watu ni Sabina peke yake. Tangu siku ile usingizi hauji. Akifa yeye, mtoto huyu ni wa nani?

Kwa hiyo Jumamosi hakwenda kuona vitu wala kula samaki. Alikwenda kumpata Hellen pembeni, wawili tu, hata dakika tano, amwambie: mlilie mumeo, mpigie magoti, lakini mtoto umchukue. Na Sabina aliyajua yote, maana nyumba yenyewe ni chumba na sebule, utaficha wapi maneno. Asubuhi alimsindikiza bibi yake mpaka njia panda, akamwambia, "Bibi, usirudi bila jibu."

Na Dorotea alikuwa ameshaudhika tangu jana yake. Ijumaa wageni walitua, wakakodi gari, wakaenda moja kwa moja kuliona daraja la Kigongo. Na huendi Kigongo kutoka mjini bila kupita Usagara. Getruda, jirani anayeuza machungwa njia panda, aliliona gari kwa macho yake, jeupe, Hellen mbele na miwani ya jua. Lilipita kwenda, likapita kurudi, wala halikupunguza mwendo. Dorotea alimkanya Getruda asimwambie mtoto. Getruda akaapa hatasema, ila alilaani mpaka povu likamtoka.

Sasa kuna jambo la kueleza hapa. Kwa Wasukuma wa rika la Dorotea, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakaribiani ovyo. Hawapeani mikono, hawali meza moja, hawapandi chombo kimoja. Wakikutana njiani, mama hujitanda khanga usoni akapisha. Siyo ugomvi, ni heshima, na inashikwa kama inavyoshikwa Jumapili. Siku hizi vijana wa mjini wanakaa na mama wakwe zao kochi moja wakitazama mpira, shauri yao. Dorotea, ng'o. Hellen aliyajua haya tangu utotoni, ndiyo maana alimpangia mama yake bajaji.

Naam, bajaji. Gari jeupe mbele, ndani yake Hellen na mumewe na kiyoyozi. Bajaji nyuma, ndani yake mama aliyemzaa Hellen, anakula vumbi. Dereva wa bajaji alikuwa Chenge, mtu mzima wa Buhongwa mwenye kitambi na mdomo usiotulia. Alipoelezwa kazi ya siku hiyo alicheka mpaka akashika usukani kwa mikono miwili. "Mama," alisema, "nimebeba maiti, nimebeba bibi harusi, nimebeba mbuzi wa mahari. Mama mkwe anayefukuzia mkwe, ni leo!"

Walianzia Jiwe la Bismarck. Kuna nini pale cha kumwonyesha mtu wa kanda hii? Jiwe limekaa juu ya jiwe, maji yanapiga chini, ndege weupe wamechafua juu. Hellen alisimama ufukweni akipigwa picha, akageuka huku, akageuka kule, kidevu juu. Kwenye simu yake alikuwa na orodha aliyoitoa mtandaoni, vitu vya kuona na vya kula Mwanza, na kila kimoja akikimaliza anakiwekea alama. Dorotea alikuwa amekaa ndani ya bajaji, hatua thelathini nyuma. Simu yake ikaita.

"Mama, umeliona jiwe?"

"Hellen, jiwe hilo nimeliona kabla baba yako hajanitongoza. Njoo hapa. Nina neno na wewe."

"Baadaye mama, mwenzangu yuko hapa." Akakata, akamshika mumewe mkono.

Dorotea alisaga meno. Huyo mwanamume, alijisemea, hambanduki mwanangu hata dakika moja. Anajua nina la kusema, ndiyo maana anamlinda.

Kutoka pale walikwenda Mwaloni, Kirumba, kwenye soko la dagaa na samaki. Hapo ndipo Dorotea alipojiambia, sasa nafasi ndiyo hii. Soko lilikuwa limejaa, wabebaji wanapiga kelele watu wapishe, dagaa wameanikwa, harufu inakaa kwenye nguo mpaka kesho kutwa. Rwekaza alikuwa anauliza bei ya sangara mkubwa aliyening'inizwa, hatua kumi kutoka kwa mkewe. Hellen alibaki peke yake mbele ya gunia la dagaa, kitambaa puani. Puani! Mtoto aliyekuzwa kwa dagaa, aliyelilia ukoko wa ugali auchovye kwenye mchuzi wao! Dorotea alishuka kwenye bajaji, akapenya katikati ya wabebaji, khanga begani.

Alibakiza hatua tatu. Hellen akageuka, akamwona. Macho yao yalikutana, na Dorotea aliona kitu kilichompita usoni binti yake, kitu asichokielewa. Hapo hapo Hellen akaita kwa sauti, "Rwekaza! Njoo haraka uone hawa dagaa!"

Mwanamume akaja, na adabu yake yote. Dorotea angefanya nini? Alijitanda khanga usoni, akageuka, akarudi kinyumenyume mpaka mguu ukaingia kwenye beseni la maji ya samaki. Mwenye beseni akamtukana matusi ya soko. Cha mkwe wake alichokiona ni viatu tu, vyeusi, vimepigwa kiwi.

Kwenye bajaji alikaa anakamua pindo la gauni. Chenge alimtazama kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakucheka.

"Mama, nisamehe, mimi siyo wa ukoo. Lakini mbona naona anayeng'ang'ania siyo mwanamume?"

"Endesha bajaji, Chenge."

"Nimenyamaza."

Chakula kilikuwa kwenye hoteli moja ya ufukweni, Capri Point. Meza ya Hellen na mumewe iliwekwa karibu na maji; ya Dorotea iliwekwa mwisho kabisa, nyuma ya nguzo, na akageuza kiti awape mgongo, maana hata kuonekana unatafuna mbele ya mkwe ni aibu. Chenge ndiye aliyekula naye. Uongo mbaya, samaki alikuwa mzuri. Sato mzima wa kukaanga, ngozi inakatika kwa sauti, nyama nyeupe ndani ina moto, kachumbari ya pilipili mbuzi, ugali wa dona na mlenda pembeni. Siku nyingine yoyote Dorotea angemtafuna mpaka mifupa ya shavuni. Siku hiyo nusu ya samaki alimsogezea Chenge. Nyuma yake alisikia kicheko cha Hellen, kile kile cha utotoni, na hakikuwa kinamhusu.

Mhudumu alikuja akainama. "Mama, yule mkwe wako anauliza kama samaki amekolea chumvi, na kama unahitaji kingine chochote."

"Mwambie amekolea," Dorotea alijibu. Mhudumu alipoondoka akamwambia Chenge, "Umemsikia? Mjukuu wangu kamkataa, mimi ananiuliza chumvi." Chenge aliendelea kula, lakini alitikisa kichwa kama mtu ambaye hesabu zinamkataa.

Kituo cha mwisho kwenye orodha kilikuwa Kisiwa cha Saanane, cha wanyama. Kinakwendewa kwa boti, na boti ni chombo kimoja, kwa hiyo Dorotea alibaki nchi kavu chini ya kibanda cha abiria. Saa tisa na nusu, jua kali, injini ya boti inanguruma. Hellen alipanda na watalii wengine, akavaa boya la kifuani, akampungia mama yake mkono. Rwekaza alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi. Akasema amesahau simu garini, watangulie, atakuja na boti inayofuata. Hellen alitazama ufukweni: mama yake huku, mumewe kule. Wala hakushtuka. Watu wawili wale wangeachwa hapo mpaka Krismasi wasingeambiana neno. Boti ikaondoka.

Rwekaza hakwenda garini. Alisubiri boti ifike mbali, akatembea taratibu hadi ukingoni, hatua kama nne kutoka alipokaa Dorotea, akasimama kampa mgongo, uso kauelekeza ziwani.

"Mwadila, mayu," alisema.

Dorotea alishtuka mpaka akashika mbao ya benchi. Salamu ya mchana, mama, kwa Kisukuma! Kibovu, chenye lafudhi ya Kihaya, lakini Kisukuma.

"Mama, usiondoke, nakuomba. Kazini kwetu kuna Msukuma, mzee Luhende, amenielekeza. Ameniambia nikilazimika sana kuzungumza nawe, nisikutazame. Sikutazami. Nazungumza na ziwa, na wewe ukitaka lijibu ziwa."

Dorotea alijitanda khanga. Alikuwa na miaka minne ya maneno tumboni, makali yote, yamepangwa. Alifungua mdomo ayatoe. Mwanamume akamtangulia.

"Nimekuja kuomba mtoto. Najua umeshakataa, Hellen ameniambia kila mwaka. Mwaka wa kwanza alisema unaona bado mdogo. Mwaka wa pili ukasema ni mtoto wako wa uzeeni, asikuguse mtu. Mwaka jana nilitaka nije mwenyewe na wazee wangu, Hellen akasema utatufukuza na fimbo. Hata jana tumepita Usagara, nikasema tusimame nimsalimie Sabina angalau barabarani, akasema ukimwona tu mtoto yuko na mimi utadhani namwiba." Shingo yake nyuma ilikuwa inatoka jasho. "Mama, mimi nililelewa na baba wa kambo. Alinivalisha, alinisomesha, jina lake ndilo ninalolitumia. Chumba cha Sabina kipo, kina kitanda, miaka minne kinalala hewa. Siombi nikunyang'anye. Likizo zote atakuja kwako. Tupatie mtoto, mama."

Jamani. Mtu akupige kofi, utalia. Mtu akumwagie maji ya moto, utapiga kelele. Dorotea hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa tu, mikono mapajani, na mbele ya macho yake miaka minne ikawa inajipanga upya: kila simu, kila sauti iliyoshushwa, Rwekaza hataki, Rwekaza hataki. Na ule uso wa Mwaloni. Sasa aliuelewa. Ilikuwa hofu. Mwanangu ananiogopa mimi, alijisemea. Ameuchukua huu mwiko wa khanga na migongo, heshima niliyomfundisha mwenyewe, akatuweka mimi huku na mumewe huku, akatudanganya wote wawili, maana alijua hatutakaa tukaulizana.

Neno moja lilitosha. Angesema tu, mwanangu, mimi sijawahi kukataa, na Jumapili Sabina angekuwa ndani ya ndege. Lilimfika mpaka kwenye meno.

Halafu akafikiri. Mwanamume huyu mwema, saa kumi na mbili asubuhi ameshatoka kwenda kazini. Anarudi usiku. Kutwa nzima kwenye nyumba hiyo yenye kitanda cha bure, mtoto atakuwa na nani? Atakuwa na mama aliyepita njia panda asipunguze mwendo. Mtoto atafungua mlango wa jikoni, na mama yake atageuza uso. Kila siku. Dorotea alimwona Sabina anavyoula huo uso asubuhi, mchana na jioni, anavyojitahidi kufua, kupika, kushika namba moja darasani, ili siku moja atazamwe. Presha ikimwangusha yeye Dorotea, mtoto atalia, atazika, ataishi. Lakini hilo lingine lingemla polepole.

"Ziwa limesikia," alisema. Sauti ilitoka kavu, hata yeye hakuijua. "Ni kweli. Nimekataa. Na leo nakataa."

Mabega ya Rwekaza yalishuka. Akasema, "Nimesikia, mama. Sitarudia tena kuomba." Kwenye sauti yake Dorotea alisikia kitu kinafungwa: kuanzia siku hiyo, kwa mkwe wake yeye ni bibi kizee mwenye roho mbaya. Alimwacha aamini hivyo.

Baadaye boti ilirudi na Hellen. Hellen aliwaona kutoka majini, mumewe amesimama ukingoni, mama yake amekaa nyuma yake, na kabla boti haijafungwa aliruka mpaka maji yakamfika magotini. Alipita mbele ya mumewe bila kumsemesha, akaja kwa mama yake, akamshika mkono, akamvuta mpaka nyuma ya bajaji. Siku nzima Dorotea aliitafuta nafasi hii. Basi ilikuja yenyewe, inakimbia, inahema.

"Amekuambia nini?"

"Salamu kwanza, Hellen."

"Mama! Amekuambia nini, na wewe umemwambia nini?"

"Ameniomba mtoto. Nimemwambia nimekataa."

Hellen aliachia pumzi ndefu. Akaegemea bajaji. "Asante," alisema. "Asante, mama." Akaanza kulia, na Dorotea alitazama machozi hayo akisubiri yafike kwa Sabina. Hayakufika. "Siwezi, mama. Nimejaribu. Kwenye picha tu siwezi kumtazama. Nyumba ninayo. Hapa ndipo hakuna nafasi." Aligusa kifua.

"Mimi nilikuwa na nafasi?" Dorotea alimwuliza. "Mtoto wa miaka kumi na sita anarudi na tumbo, mtaa mzima unacheka, baba yako ameshika panga. Nilikuwa na nafasi, Hellen?"

Hellen alifuta uso kwa kiganja, akavaa miwani yake ya jua. "Samaki lakini ulimpenda?" aliuliza.

Dorotea alimtazama kwa muda mrefu. Hakumtukana. Matusi ni ya mtu unayetegemea kitu kwake. "Nipeleke nyumbani, Chenge," alisema, na Chenge, aliyekuwa amesikia kila kitu, akawasha bajaji, akaendesha moja kwa moja mpaka Usagara.

Jua lilikuwa bado halijazama. Sabina alikuwa amekaa kwa Getruda kwenye kivuli cha meza ya machungwa, amevaa gauni la kanisani ingawa ilikuwa Jumamosi. Aliiona bajaji, akakimbia nayo sambamba mpaka ikasimama.

"Shikamoo bibi. Amesemaje?"

"Marahaba." Dorotea alishuka polepole. Njia nzima alikuwa akitafuta uongo ambao mtoto anaweza kukua nao. Ukweli asingempa, labda aukute mwenyewe akiwa mtu mzima. Kumsingizia tena Rwekaza asingeweza. Dhambi hiyo ilimtosha. Alibaki mtu mmoja tu wa kusingiziwa.

"Wameomba wakuchukue," alisema. "Wote wawili. Mama yako amelia, nimeyaona machozi kwa macho yangu. Amesema una kitanda chako. Mimi ndiye niliyekataa."

Nyuma ya meza Getruda aliachia chungwa likaanguka. Sabina hakuelewa mara moja. Alitabasamu nusu, akidhani anataniwa.

"Umekataa nini?"

"Kukutoa. Mimi ni mzee. Nani atanichotea maji?"

Uso wa mtoto ulibadilika polepole, na Dorotea alilazimika kuutazama wote mpaka mwisho. Sabina hakulia. Alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, asifikiwe na mkono wa bibi yake.

"Nikikua nitaenda kwa mama," alisema. "Mama ananipenda. Wewe hata ukifa sitakuja."

"Usije," Dorotea alimjibu. "Lakini leo tangulia nyumbani, ukawashe moto."

Mtoto alitangulia, anakanyaga kwa nguvu, na mpaka wanafika mlangoni hakugeuka kumtazama.